Debe la Shosho

Shosho huweka unga kwenye debe la mafuta lililoandikwa USA. Nikiwa mtoto nilidhani ni jina la kampuni. Nilipoacha chuo, muda ninao, nikaanza kusoma historia ya hilo debe.

Novemba 1961, Rais Kennedy aliunda USAID. Haikuwa huruma tupu: ilikuwa enzi ya Vita Baridi, na nchi changa za Afrika zilikuwa zinatongozwa na pande zote mbili. Mwaka 2003 Bush akaanzisha PEPFAR, na Kenya ikawa kati ya nchi za kwanza kupata dawa za ukimwi kupitia mpango huo. Januari 2025, Trump akasimamisha misaada kwa siku 90. Kufikia Julai 1, USAID ilikuwa imefungwa.

Sisi huilaumu Washington, halafu basi. Lakini Aprili 2001, pale Abuja, viongozi wetu wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya bado haijafika hapo.

Shangazi humeza kidonge chake kila saa tatu usiku. Siku hizi, akimaliza, anahesabu vilivyobaki. Kura ya Marekani hana. Ya hapa anayo.