Sehemu na Kizima: Historia Fupi ya Dhana ya Seti na Tatizo la Istilahi Zake katika Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza historia ya dhana moja ya hisabati, yaani seti, na kuonyesha jinsi historia hiyo inavyotuhusu sisi tunaoshughulika na istilahi za Kiswahili. Huenda msomaji akajiuliza mwanalugha anatafuta nini katika shamba la wanahisabati. Jibu letu ni kwamba tangu mwaka 1967, Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zake za msingi, maneno ya hisabati yamekuwa kazi yetu kama yalivyo kazi yao. Na neno lililoundwa vibaya humpotosha mtoto kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Seti ni mkusanyo wa vitu ambao, tukiulizwa juu ya kitu chochote, twaweza kusema kimo au hakimo. Tuchukue seti yenye memba watatu: chungu, kawa na mwiko. Kutokana na hao twaweza kupata seti nane: ile isiyo na kitu, tatu za kitu kimoja kimoja, tatu za viwili viwili, na ile yenye vyote vitatu. Kila memba anapoongezwa, hesabu hiyo hujirudufu. Memba kumi hutoa seti 1,024. Ikumbukwe kwamba seti tupu imo katika hesabu hiyo, na seti kamili nayo imo.

Neno linaloelekea kuja kwanza mdomoni mwetu kwa seti kama hizi ni "seti ndogo", kwa mfano wa "kamati ndogo". Hapa ndipo tatizo linapoanza. Je, seti kamili, ambayo nayo ni mojawapo ya zile nane, ni ndogo kuliko nini? Kasoro hiyo yaweza kuvumilika maadamu tunashughulika na vyungu na miiko. Lakini tukifikia seti zisizo na kikomo, neno "ndogo" linakuwa uongo mtupu.

Kwanza hatuna budi kutenganisha wingi na kutokuwa na kikomo. Mswahili husema kwamba mchanga wa pwani hauhesabiki. Archimedes wa Sirakusa, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo, alimwandikia mfalme Gelon risala kupinga fikira ya namna hiyo. Alikadiria kwamba hata ulimwengu wote ukijazwa mchanga, idadi ya chembe haitazidi ile ambayo leo tungeiandika kwa tarakimu moja ikifuatwa na sifuri 63. Idadi hiyo inatisha, lakini ina kikomo. Namba za kuhesabia, yaani 1, 2, 3 na kuendelea, hazina kikomo, kwa kuwa kila namba ina inayoifuata.

Kwa karne nyingi wataalamu waliongozwa na kanuni iliyomo katika kitabu cha Euclid kwamba kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake. Mwaka 1638, katika kitabu kilichochapishwa Leiden, Galileo aliikuta kanuni hiyo ikiyumba. Aliziangalia namba za mraba: 1, 4, 9, 16. Ni wazi kwamba hizo ni baadhi tu ya namba za kuhesabia. Hata hivyo kila namba ina mraba wake mmoja, na kila mraba una namba yake moja. Twaweza kuzioanisha bila hata moja kubaki mjane. Galileo alihitimisha kwamba maneno "kubwa", "ndogo" na "sawa" hayafai kutumiwa kwa vitu visivyo na kikomo.

Bernard Bolzano wa Praha alilirudia suala hilo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1851, baada ya kifo chake. Lakini aliyeligeuza tatizo likawa fasili ni Richard Dedekind, mwaka 1888: seti isiyo na kikomo ni ile inayoweza kuoanishwa, mmoja kwa mmoja, na sehemu yake yenyewe. Kilichokuwa kitendawili kikawa ndiyo alama ya utambuzi.

Georg Cantor, aliyefundisha Halle, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1874 alithibitisha kwamba namba halisi zote, yaani nukta zote za mstari, haziwezi kupangwa katika orodha ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata kama orodha yenyewe haina mwisho. Mwaka 1891 alitoa hoja iliyo nyepesi zaidi. Tuseme mtu anadai kwamba amempa kila memba wa seti fulani seti yake moja iliyomo ndani ya ile kubwa, wala hakuna iliyosalia. Tuwakusanye memba wote wasiokuwamo katika seti walizopewa. Je, mkusanyo huu alipewa nani? Kama yupo aliyepewa, basi akiwamo ndani yake hastahili kuwamo, na asipokuwamo anastahili. Kwa hiyo hakupewa yeyote. Basi seti zilizomo ndani ya seti daima huwapita memba wake kwa wingi, na ukosefu wa kikomo una daraja zisizokwisha.

Leopold Kronecker wa Berlin aliyapinga mawazo haya vikali. Lakini mwaka 1900 David Hilbert aliliweka swali la Cantor kuwa la kwanza katika orodha yake ya matatizo 23. Huku kwetu, seti zilipewa nafasi katika vitabu vya hisabati vilivyotokana na warsha za waandishi zilizoanza Entebbe mwaka 1962. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuvipatia maneno ya Kiswahili iliachwa nyuma.

Kutokana na historia hii, twapendekeza mambo mawili. La kwanza, "seti ndogo" iachwe, na badala yake itumike "seti ya ndani", kwani Kijerumani nacho husema "seti sehemu" bila kutaja udogo. La pili, neno "isiyohesabika" lisitumiwe kwa yale ya mwaka 1874, kwa sababu katika Kiswahili limekwisha kumilikiwa na mchanga na nyota. "Isiyoorodheshika" lingefaa zaidi, kwa kuwa hilo ndilo hasa alilolithibitisha Cantor.

Yamkini wenzetu watapata maneno bora kuliko haya. Jambo la msingi ni kwamba istilahi isichaguliwe kabla dhana haijaeleweka. Galileo aliona tangu mwaka 1638 kwamba "ndogo" halifai hapa. Itakuwa aibu sisi kumrudishia mwanafunzi neno lile lile kwa mlango wa nyuma.