Saa Tisa Iliyogeuka Saa Sita: Habari za Neno "Noon"

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yatajayo nyakati, ni machache yaonekanayo mepesi kuliko "noon". Mwanafunzi hufundishwa mapema kuwa maana yake ni saa sita ya mchana, na kamusi huliweka bega kwa bega na "midday" kana kwamba ni pacha wake. Lakini asili ya neno hili si sita, ni tisa. Limetokana na Kilatini nona hora, yaani saa ya tisa, na Waingereza wa kale walipolitamka walikusudia wakati ule ambao Mswahili hata leo huuita saa tisa alasiri. Imekuwaje basi neno lenye hesabu ndani yake likahama mwendo wa saa tatu, na hesabu yake ikaachwa nyuma?

Jawabu laanzia Roma. Warumi waliugawanya mchana, tangu jua kuchomoza hata kuchwa, mafungu kumi na mawili, wakayahesabu kuanzia asubuhi. Saa ya sita yao ilikwisha jua likiwa utosini, na ya tisa ilikwisha jua likiwa limekwisha inama kuelekea magharibi. Hesabu hii ni sawa na ya Waswahili, na ya Wahabeshi pia, ingawa hapana haja ya kudai kuwa mmoja aliiga kwa mwingine. Jua huwachomozea watu wote, wala si ajabu wengi waanze kuhesabu hapo. Ndiyo maana Mwingereza asomapo katika Injili kuwa Yesu alikata roho panapo saa ya tisa, humbidi aelezwe kuwa hiyo si saa tisa ya saa yake ya mkononi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo. Akiona saa tisa, ajua jua lilikuwa mahali gani. Kwa hiyo wale wasemao kuwa saa za Kiswahili zimepinduliwa wameitazama historia kwa upande mmoja. Hesabu hii ilitumika Ulaya kwa karne nyingi, na ni Ulaya iliyoiacha.

Neno lilihamishwa na sala na chakula. Watawa wa Kikristo walikuwa na sala kwa saa maalumu za mchana, na mojawapo iliitwa kwa jina la saa yake, ya tisa. Katika kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, Benedikto wa Nursia aliagiza kuwa tangu katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Kwaresima wasile ila panapo saa ya tisa. Tena aliagiza kuwa katika miezi ya joto sala hiyo isogezwe mbele kidogo, katikati ya saa ya nane, ndiyo kusema saa saba na nusu kwa hesabu ya Kiswahili. Mlango ukisha funguliwa kidogo, ni vigumu kuufunga. Mtu aliyeamka usiku wa manane kusali, akafanya kazi shambani bila ya kula, hawezi kulaumiwa sana akitamani kengele ya sala ilie mapema. Wataalamu wengi huona kuwa njaa hii ndiyo iliyoivuta kengele, hatua kwa hatua, kutoka alasiri hata adhuhuri.

Mambo haya hayakuwa ya Uingereza peke yake. Dante, mshairi wa Italia, alieleza katika kitabu chake Convivio, mwanzoni mwa karne ya 14, kuwa kengele ya saa ya tisa yapasa kulia mwanzo wa saa ya saba, nao ndio wakati wa jua la utosi. Katika karne hiyo hiyo "noon" ya Waingereza ilikuwa imekwisha zoea maana yake mpya. Wahispania wao waliihifadhi sita mahali pake: neno lao siesta latokana na saa ya sita ya Kilatini, na maana yake ni usingizi wa mchana.

Yafaa kutazama pia kwa nini Ulaya iliiacha hesabu ya zamani. Huko kaskazini mchana hurefuka na kufupika mno. London mwezi wa Juni mchana hupita saa 16 na nusu, na Desemba haufiki saa nane. Ukigawanywa mafungu kumi na mawili, fungu moja la Juni ni dakika 83 hivi, na la Desemba ni dakika 39. Saa za magurudumu, zilizoenea makanisani na mijini katika karne ya 14, hazikuweza kufuata kigeugeu hicho. Zilitaka saa zilizo sawa. Dar es Salaam mchana hauzidi wala haupungui saa 12 kwa zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Saa ya chuma ilipofika pwani, haikugombana na hesabu ya jua.

Katika matumizi ya leo "noon" na "midday" si mapacha kamili. La kwanza ni nukta moja, saa sita kamili. La pili, lililo la Kiingereza tangu asili, huweza kuenea kabla na baada ya nukta hiyo. "Noonday" na "noontide" zimebaki zaidi kwa washairi na vitabu vya dini. Washairi wa karne ya 17 walithubutu hata kusema "noon" ya usiku, wakikusudia saa sita ya usiku. Jambo ambalo Mswahili huliona la kawaida, kwani sita zake ni mbili. Ama "afternoon", ambayo ingalikuwa baada ya saa tisa kama neno lingalikaa kwao, huanza sasa saa sita, ikameza adhuhuri na alasiri pamoja.

Hapo ndipo mfasiri hupata taabu. Akikuta "noon" katika maandishi ya kale ya watawa wa Kiingereza, akaandika adhuhuri, amekosea kwa saa tatu. Haki yake ni saa tisa. Na katika maandishi ya leo, "noon" ni saa sita, wala si adhuhuri. Adhuhuri hungoja jua lipinduke, na saa za Tanzania zimepangwa kwa jua la nyuzi 45 mashariki, hali Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39. Kwa hiyo saa ikigonga sita mjini humo, jua bado halijafika utosini. Hufika, kwa wastani, dakika 23 hivi baadaye.