Safari ya mtambo mkubwa hupimwa kuanzia kiwandani, si bandarini

Mji wa Malakisi, ulio karibu na mpaka wa Kenya na Uganda katika Kaunti ya Bungoma, uko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Bahari Hindi. Hata hivyo, anayetaka kujenga kiwanda kikubwa katika eneo hilo hana budi kuifikiria bahari. Boila, matangi na jenereta kubwa huundwa ng'ambo na kuingia nchini kupitia bandari ya Mombasa. Kaunti hiyo si ngeni kwa viwanda vya aina hiyo: kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianzishwa mwaka 1969, na cha sukari cha Nzoia mwaka 1975.

Kontena refu la kawaida lina urefu wa mita 12 na upana wa takriban mita 2.4. Kifaa kinachozidi vipimo hivyo huhesabiwa kuwa shehena isiyo ya kawaida. Miongoni mwa shehena hizo ni moduli, yaani sehemu nzima ya kiwanda iliyounganishwa tayari pamoja na mabomba, nyaya na vali zake. Wajenzi huipenda njia hii kwa sababu kazi ya kuchomelea hufanywa karakanani, chini ya ukaguzi, badala ya kufanywa kwenye matope ya eneo la ujenzi. Ubaya wake ni kwamba moduli moja yaweza kuwa na uzito wa mamia ya tani.

Njia ya zamani ilikuwa kinyume chake. Meli ya SS William Mackinnon iliundwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ambako ilishushwa majini mwaka 1900. Reli ilikuwa haijafika Kisumu. Ilifika mwaka 1901. Kwa hiyo mwendo wa mwisho ulitegemea mabega ya wapagazi, na ukubwa wa mzigo ulifuata nguvu za mtu.

Leo moduli hupakiwa kwa kreni nzito za meli yenyewe, au huingizwa melini juu ya trela lenye magurudumu mengi. Kabla ya kuinuliwa, mtengenezaji hutakiwa kueleza uzito kamili, kitovu cha uzito na mahali pa kufungia kamba. Kosa katika lolote kati ya hayo matatu laweza kuupindua mzigo ukiwa hewani.

Baharini, adui mkubwa ni kuyumba kwa meli. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 1991 kanuni za kupanga na kufunga shehena. Kipimo chake chepesi ni kwamba jumla ya uwezo salama wa minyororo ya kila upande ilingane na uzito wa mzigo. Moduli ya tani 120, kwa mfano, huhitaji minyororo ya kuhimili tani 120 upande wa kulia, na kiasi hicho hicho upande wa kushoto. Mnyororo uliosimama kwa pembe inayozidi nyuzi 60 kutoka kwenye sitaha hauhesabiwi, kwa kuwa hauzuii mzigo kuteleza. Aidha, mbao hutandikwa chini ya moduli, kwani chuma kilicholowa juu ya chuma huteleza kwa urahisi.

Majira nayo huzingatiwa. Pepo za Kusi huvuruga bahari, hasa kati ya Juni na Agosti, na nahodha huweza kubadili njia au kuchelewesha safari.

Mzigo ukishafika Kilindini, hatari haijaisha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Unaozidi hapo huhitaji kibali maalum cha Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Madaraja, nyaya za umeme na kona kali hukaguliwa mapema. Katika mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ilisafirishwa takriban kilomita 1,200 kutoka Mombasa. Ilibidi kwanza barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis iboreshwe.

Bima pia ni sehemu ya usalama. Kwa desturi ya kale ya bahari, nahodha akitupa sehemu ya shehena ili kuiokoa meli, hasara hugawanywa kwa wenye shehena wote, hata wale ambao mizigo yao ilifika salama. Chama cha ushirika kilichonunua mtambo kwa mkopo bila bima chaweza kudaiwa malipo hayo kabla ya kukabidhiwa mali yake.

Kwa mnunuzi wa Bungoma, basi, vipimo huanzia nyumbani. Daraja dhaifu kuliko yote katika njia ya kuelekea kiwandani, pamoja na hali ya barabara wakati wa masika, ndivyo vinavyoamua ukubwa wa moduli. Hesabu hiyo yapasa kumfikia mtengenezaji kabla mkataba haujatiwa saini. Meli yaweza kubeba takriban chochote. Daraja la kijijini haliwezi, na mtambo uliokwama njiani huendelea kulipiwa riba bila kuzalisha chochote.