Foronya za Sears na viraka vya Gee's Bend

Machi 2026 ushirika wa Freedom Quilting Bee wa Alabama, Marekani, ulitimiza miaka 60 tangu uanzishwe, lakini wenyewe haukuwepo kusherehekea. Ulifungwa mwaka 2012. Kilichobaki ni mifarishi yake, na iliyo maarufu zaidi si ile iliyoshonwa kwa ajili ya wateja.

Baadhi ya mafundi wake walitoka Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na Mto Alabama pande tatu. Joseph Gee alianzisha shamba la pamba hapo mwaka 1816, na mwaka 1845 likaangukia mikononi mwa Mark Pettway, ambaye jina lake bado linabebwa na wakazi wengi wa kijiji. Utumwa ukaisha, ukulima wa kugawana mavuno ukafuata, na ndani ya vibanda wanawake wakashona mifarishi kwa sababu moja tu: baridi.

Mfarishi wa huko ni tabaka tatu. Juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa cha kufunika, mara nyingi magunia yaliyofumuliwa. Viraka vilitoka kwenye nguo za shamba zilizochakaa. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alizikata nguo za kazi za marehemu akashona mfarishi wa kujifunika. Kwenye mifarishi ya namna hiyo utaona vipande vya bluu iliyokolea katikati ya bluu iliyopauka: hapo ndipo mfuko ulipokuwa, na jua halikupafikia.

Nancy Callahan, aliyeandika historia ya ushirika huo mwaka 1987, anaanzia na mchungaji Mzungu aliyepotea njia. Desemba 1965 Francis Walter, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa akifuatilia madhila ya Weusi waliojaribu kujiandikisha kupiga kura, aliona mifarishi imeanikwa kambani uani. Alipokaribia, mwenye nyumba alikimbilia msituni. Mzungu asiyejulikana, kwa miaka ile, hakuwa mgeni wa kukaribishwa kiti.

Walter akarudi na fedha kidogo za msaada, akanunua mifarishi kwa dola 10 kila mmoja na kuipeleka New York ikanadiwe. Bei hiyo ilikuwa habari kubwa kwa wanawake waliozoea kuuza kazi zao kwa dola chache tu, au kutouza kabisa. Machi 1966 ushirika ukazaliwa. Baadhi ya wanachama walikuwa wamefukuzwa kwenye mashamba walimoishi kwa kosa la kutaka kura, na ushirika uliponunua ardhi baadaye, sehemu yake iliuziwa familia za aina hiyo. Mwaka 1968 nyumbu wa Gee's Bend walivuta mkokoteni uliobeba jeneza la Martin Luther King, aliyekuwa amekitembelea kijiji hicho mwaka 1965.

Soko kubwa lilipokuja, lilikuja na masharti. Duka kubwa la Bloomingdale's lilitaka mfarishi wa kumi ufanane na wa kwanza: ruwaza ileile, rangi zilezile, mishono iliyonyooka. Meneja, Estelle Witherspoon, alikuwa na mishahara ya kulipa, na kazi ikasawazishwa. Fundi aliyezoea kuanza katikati na kufuata macho yake aliambiwa afuate kipimo. Wapo waliovumilia kwa ajili ya senti. Wapo waliobaki nyumbani na mifarishi yao isiyofuata kipimo cha mtu.

Mwaka 1972 ikaja kandarasi ya kampuni ya maduka ya Sears: foronya za kodrai, kile kitambaa kinene chenye michirizi. Kodrai ni jeuri. Haikatiki vipande vidogo wala haikunjiki vizuri kwenye mshono. Mabaki yakajaa mifuko, na wanawake wakayabeba nyumbani. Kwa kuwa kitambaa chenyewe hakikubali urembo mdogomdogo, wakakiunga kwa mapande mapana ya rangi ya dhahabu, chungwa, nyekundu na kijani cha jani la parachichi. Mifarishi hiyo ya mabaki ilikuwa miongoni mwa iliyosafiri hadi Makumbusho ya Sanaa ya Houston na Whitney ya New York mwaka 2002, wahakiki wakaifananisha na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Foronya zilizolipiwa zililaliwa zikachakaa.

Aliyeipeleka huko, mkusanyaji William Arnett, alishukiwa na baadhi ya wenyeji. Mwaka 2007 wanawake watatu walifungua kesi kuhusu malipo na haki za ruwaza zao. Zikamalizwa nje ya mahakama mwaka uliofuata. Kumaliza kesi si kumaliza swali, na lilirudi mwaka 2024 duka la Target lilipouza bidhaa zenye michoro ya mafundi watano wa kijiji.

Serikali nayo ilitoa stempu kumi za mifarishi hiyo mwaka 2006. Mwaka huohuo pantoni ya kwenda Camden, makao makuu ya wilaya, ilirudi mtoni baada ya miaka 44. Ilikuwa imesimamishwa mwaka 1962, vuguvugu la kura lilipokuwa likipamba moto, na safari ya dakika chache majini ikawa mwendo wa saa nzima barabarani.  Pantoni ilimgusa kila mkazi.

Tangu 2022 kila Oktoba mifarishi huanikwa tena kambani, safari hii kwa ajili ya tamasha, na wageni huja kuiangalia na kununua.