Makanisa ya Zama za Kati ya Lucca

Lucca, mji wa Toscana nchini Italia, una makanisa mengi ya mtindo wa Kiromaneski. Linalowavutia zaidi wapigapicha, na kwa haki, ni San Michele in Foro, lililojengwa palipokuwa uwanja mkuu wa mji wa Kirumi. Ukuta wake wa mbele umelipita paa kwa kimo, na safu za nguzo zake ndogo hazifanani: hii imesokotwa, ile imejaa nakshi, nyingine ina vipande vya marumaru ya rangi. Lenzi ndefu huonyesha pia vichwa vilivyochongwa upya katika ukarabati wa karne ya 19, kikiwemo cha Garibaldi, mpigania muungano wa Italia. Ukuta huo unatazama magharibi, hivyo hupendeza alasiri.

Ukuta wa mbele wa kanisa la San Frediano hutazama mashariki. Mozaiki yake ya karne ya 13, Kristo akipaa mbinguni, hung'aa asubuhi. Katika kanisa kuu la San Martino, tao la kulia la ukuta wa mbele ni jembamba kwa sababu ya mnara wa kengele.

Haya ni makanisa ya ibada: misa ikianza, kamera huwekwa chini.