Njiwa Waliobeba Laini ya Simu

Leo nitaweka kando mambo ya kuandika programu niwasimulie historia kidogo, ingawa mtaona kuwa hata humo kuna kazi ya sisi wanatarakilishi. Ni historia ya wasanii waliojaribu kuwaza wanyama watakuwa nani katika miji ya kesho. Yaani si wanyama wa kutazamwa mbugani, bali wale tunaokaa nao mtaa mmoja.

Mwezi wa Agosti mwaka 2006, katika mji wa San Jose, California, msanii mmoja kwa jina Beatriz da Costa aliwarusha njiwa angani wakiwa na vibegi mgongoni. Hawa si njiwa wa barabarani. Ni wale wanaofugwa kwa mashindano, ukiwaachilia mbali wanajua njia ya kurudi bandani. Ndani ya kibegi mlikuwa na kipokezi cha GPS, kifaa cha kuwasiliana na mitambo ya simu, kipima joto, na kihisi cha kupima kaboni monoksidi na oksidi za nitrojeni, zile gesi zinazotoka kwenye moshi wa magari. Na bila shaka kulikuwa na laini ya simu. Njiwa akiruka, vipimo vilitumwa kwa seva na kuonekana kwenye ramani ya tovuti papo hapo. Mradi wenyewe uliitwa PigeonBlog. Naam, njiwa wenye blogu yao!

Hebu fikirieni kazi hiyo. Njiwa si lori, uzito wa ziada kidogo tu na hataruka. Da Costa alifanya kazi na Cina Hazegh na Kevin Ponto katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, na vifaa vya kwanza vilikuwa vikubwa mno kwa ndege. Iliwabidi wapunguze na kupunguza tena. Mwishowe walichokuwa nacho mkononi, ukikitazama kwa jicho la fundi, kilikuwa simu ya rununu ya kujitengenezea, yenye uwezo wa kutuma arafa, na ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua na kuibadilisha. Kumbukeni ni mwaka 2006. iPhone ilitoka mwaka uliofuata.

Kwa nini njiwa, na si gari au nguzo? Vituo vya serikali vya kupima hewa ni vichache na havihami. Mara nyingi huwekwa mahali patulivu mbali na msongamano wa magari, halafu hewa ya sehemu zilizobaki hukisiwa kwa hesabu. Maana yake anayeishi kando ya barabara kuu anaambiwa hewa yake ni ile ya mahali ambapo hayupo. Njiwa yeye anapita juu ya wote.

Wazo la kumvisha njiwa chombo halikuanzia hapo. Da Costa mwenyewe alisema lilimjia kutoka kwa Julius Neubronner, mwuza dawa wa Kronberg, Ujerumani, aliyekuwa akitumia njiwa kusafirisha dawa. Siku moja njiwa wake alipotea, akarudi baada ya wiki kadhaa akiwa mzima na ameshiba. Neubronner akataka kujua alikuwa wapi! Akatengeneza kamera ndogo ya kufungwa kifuani mwa njiwa, inayojipiga picha yenyewe. Aliomba hataza mwaka 1907, wakubwa wakadhani ni uongo, wakakubali mwaka 1908 baada ya kuonyeshwa picha zenyewe. Wanajeshi nao hawakukawia kuvutiwa, kama kawaida yao.

Sasa tufike kwenye ugomvi. Shirika la PETA, linalotetea wanyama, lilimlaumu da Costa kwamba anawatumia ndege bila sababu ya kisayansi. Jibu lake lilinigusa. Alishangaa kwamba kama angekuwa mwanasayansi, kibegi kilekile kingehesabiwa kuwa utafiti halali, lakini kwa kuwa ni msanii basi ni ukatili. Mimi naona hapo alikuwa na haki nusu. Ni kweli maabara hufanya makubwa zaidi na watu wakanyamaza. Lakini njiwa hakuulizwa, si na msanii wala na mwanasayansi. Kinachonifanya nielekee upande wake ni kwamba njiwa anavuta hewa ileile, na wafugaji wa njiwa walikuwa sehemu ya mradi.

Huku kwetu wazo kama hilo lilikuwa kazini bila kuitwa sanaa. Mwaka 2008 habari za ndovu dume aitwaye Kimani zilienea dunia nzima. Alikuwa wa hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, na alipenda sana mashamba ya watu. Alivishwa mkanda wa shingoni wenye laini ya simu, na akikaribia mpaka, walinzi walipata arafa na kwenda kumrudisha kabla hajafika kwenye mahindi. Tofauti ni kwamba arafa ya Kimani ilimwokoa Kimani mwenyewe, kwani ndovu mvamizi mwishowe hupigwa risasi.

Mwaka 2009 Natalie Jeremijenko, pamoja na David Benjamin na Soo-in Yang, waliweka mirija yenye taa na vihisi ndani ya mito miwili ya New York. Samaki wakipita, taa zinawaka, na mtu aliye ukingoni aliweza kuutumia mto arafa akajibiwa hali ya maji. Nao Nick Brandt alikuja Kenya akasimamisha picha za wanyama, kubwa kama wanyama wenyewe, kwenye jalala, machimbo na chini ya daraja la barabara, mahali walipopita zamani. Kazi hiyo, Inherit the Dust, ilitoka mwaka 2016. Kwa Brandt mnyama wa mjini ni picha tu, watu wanapita bila kumtazama. Kwa da Costa bado yuko hai na ana kazi.

Da Costa alifariki Desemba 2012 kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 38. Mwaka mmoja kabla alitoa video iitwayo Dying for the Other, inayoonyesha panya wa maabara za utafiti wa saratani ya matiti, na kando yao yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, akijifunza upya kutembea na kuzungumza.