Mambo Yasiyotajwa, na Jinsi Wazee Wetu Walivyoyataja



Katika jubilei watu hupenda kuhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na maaskofu waliotuongoza. Hesabu hiyo ni njema, wala hatuidharau. Lakini sisi tumeona vema kuandika habari ya jambo lisilohesabika, nalo ni ulimi: yaani mambo ambayo watu wamekatazwa kuyataja, na njia walizozitengeneza ili yapate kutajwa hata hivyo. Maana historia ya Dayosisi yetu ya Masasi haieleweki vema bila habari hii.

Hakuna taifa duniani lisilo na mwiko wa maneno. Mwaka 1777 nahodha Mwingereza, James Cook, alifika visiwa vya Tonga katika bahari ya Pasifiki, akawasikia wenyeji wakisema tapu juu ya kila kitu kilichokatazwa. Waingereza walilichukua neno lile, nalo ni lao hata leo. Lakini jambo lenyewe walikuwa nalo kwao tangu zamani; walilopata Tonga ni jina tu. Katika nchi ya Wazulu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno mengine yenye sauti ya jina lile. Hutafuta maneno badala yake, na desturi hiyo yaitwa hlonipha. Kwa Wanyakyusa, katika nchi yetu wenyewe, mke zamani alimwepuka baba wa mumewe, asimtazame wala kumtaja.

Hata Maandiko yana adabu hiyo. Waisraeli hawakulitamka Jina la Mungu walipolisoma, bali walisema Bwana. Mfalme Sauli alipoingia pangoni kwa haja yake, kitabu cha Samweli chasema aliingia kufunika miguu. Na katika kitabu cha Ayubu, pale mkewe amwambiapo amlaani Mungu, Kiebrania chenyewe kina neno la kubariki, kwa sababu mkono wa mwandishi haukuthubutu kuandika lile jingine. Tena yasema kwamba mtu alimjua mkewe, na kila msomaji aelewa.

Nasi katika Kiswahili tu hivyo hivyo. Hatupendi kusema mtu amekufa. Twasema amefariki, yaani ametengana nasi. Mwanamke hujifungua, na kabla ya hapo ni mja mzito. Mgeni haulizi choo mbele ya wakwe zake. Aomba njia ya kwenda haja. Haya si uongo, maana hakuna anayedanganyika. Ni neno lililovikwa nguo ili lipite mbele ya watu.

Lakini nguo ya neno haitoshi kwa kila jambo. Kijana hana budi kufundishwa habari ya mwili wake, na ya ndoa, na ya uzazi, na ya kumzika maiti, na mafumbo hayawezi kumfundisha mtu asiyejua lolote. Hapo ndipo tunapoona akili ya wazee wetu. Walikataza jambo lisitajwe hovyo. Kisha wakachagua mtu wa kulitaja, na mahali pake, na wakati wake. Baba hakusema na mwanawe mambo hayo, wala mama na binti yake, kwani ilikuwa aibu kubwa. Lakini babu na bibi ni watani wa wajukuu, nao huwaambia kwa mzaha yale ambayo mzazi hawezi kuyasema kwa kweli. Pwani binti alikuwa na somo yake, aliyemfunda mpaka siku ya arusi. Msibani, watu wote wakiwa wamenyamaza kwa huzuni, watani wa marehemu walikuwa na ruhusa ya kusema hata makosa yake, na kuwachekesha wafiwa. Kwa hiyo mwiko ulikuwa kama mlango wenye bawabu wake, wala si ukuta.

Kwetu kusini, kwa Wayao na Wamakua, Wamakonde na Wamwera, mlango huo uliitwa jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Kule mwituni, mbali na kijiji, mvulana alitahiriwa na ngariba, akakaa siku nyingi kumbini pamoja na wenzake, akafundishwa na makungwi mambo yote ya utu uzima. Aliporudi alikuwa na jina jipya na nguo mpya, naye alijua yaliyo halali kusemwa, na kwa nani.

Askofu Edward Steere alianzisha misioni ya Masasi mwaka 1876, akija kutoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Magwangwara waliishambulia, na mwaka 1905, katika vita ya Maji Maji, iliteketezwa kwa moto. Majengo yalijengwa tena. Lakini shida moja haikuondolewa kwa matofali. Wamisionari walisikia ngoma za jandoni, wakasikia nyimbo zisizofaa na habari za sadaka kwa mizimu, na wengi wao wakaona kwamba dawa ni kukataza tu. Basi fikirini hali ya kijana Mkristo wa siku zile. Asipokwenda jandoni, alihesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Hapati mke kwa urahisi, haruhusiwi kuzika, na wenzake humcheka. Akienda, alikwenda kwa siri, akafundishwa na watu wasiolijua Kanisa lake. Waliokataza walidhani wameondoa maneno machafu. Kumbe walikuwa wamemwondoa mwalimu, na maneno yakabaki.

Mapadre na walimu Waafrika waliijua shida hiyo, maana ilikuwa nyumbani mwao. William Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, alikubali kuwasikiliza. Shauri lililofuatwa lilikuwa hili: lililo jema katika mila lishikwe, lililo baya liondolewe, na mahali pake pasiachwe patupu. Mwaka 1928 Askofu aliyaandika mambo hayo kwa Kiingereza ili wasomaji wa kwao nao wayafahamu. Ndivyo lilivyopata nguvu jando la Kikristo: sala zikawa mahali pa sadaka za mizimu, jeraha likatunzwa kwa usafi na dawa, na wavulana wakarudi kijijini kwa shangwe na kupelekwa kanisani. Mafundisho ya adabu, ya kazi na ya ndoa hayakuachwa. Yalisemwa wazi, mwituni, na watu wazima waliochaguliwa kwa kazi hiyo.

Yatupasa kusema pia kwamba kwa wasichana kazi hii haikufanikiwa kama kwa wavulana. Sababu yake yafahamika. Elimu ya unyago ilikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na waliokaa katika baraza za misioni walikuwa wanaume. Tena bibi Mzungu ambaye hakupita unyagoni alikuwa kwao bado mtoto, ajapokuwa na mvi. Angeambiwaje siri za watu wazima? Mlango una bawabu wake, na asiyemheshimu bawabu haingii.

Si misioni zote zilizofuata njia ya Masasi. Katika nchi ya Wakikuyu, mwaka 1929, misioni kadhaa, na hasa ile ya Kanisa la Skotland iliyoongozwa na Dokta John Arthur, ziliwataka Wakristo waape kuacha kukeketa wasichana. Kwa habari ya jeraha lenyewe misioni zilikuwa na haki, kwa kuwa lilileta maumivu na hatari wakati wa kuzaa, na leo sheria za Kenya na za Tanzania zalikataza. Lakini jambo la faragha kuliko yote lilitolewa hadharani, likawa amri na alama ya kidole gumba juu ya karatasi. Watu kwa maelfu waliyaacha makanisa yale, wakaanzisha shule zao wenyewe, na desturi ikaendelea miaka mingi. Mwaka 1996, huko Tharaka katika Kenya, kina mama walijaribu njia nyingine, iitwayo Ntanira na Mugambo, maana yake tohara kwa maneno. Wasichana walikaa faragha, wakafundishwa na wanawake waliowaamini, kisha wakapokewa kwa sherehe, wala hawakukatwa. Kisu kiliondolewa, mwalimu akabaki.

Nasi tumeona kwa macho yetu hasara ya kukosa mwalimu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Kule watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara; Uganda waliuita silimu. Majina hayo yalikuwa nguo ya neno, kama tulivyoeleza. Lakini chini ya nguo ile hapakuwa na mtu aliyewekwa kusema wazi. Mzazi aliona haya, babu alikuwa mbali, na wengi wetu makanisani tulisoma habari za marehemu tukisema aliugua kwa muda mrefu, tukaishia hapo. Vijana waliosimama kaburini wakarudi nyumbani bila kujua wajilindeje. Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Tulivijua vyote viwili.

Basi, ninyi walimu, hatuwaombi mseme kila jambo mbele ya kila mtu. Hiyo siyo desturi yetu, wala siyo adabu. Twawaomba mfanye kama wazee walivyofanya. Katika kila mtaa wachaguliwe mwanamume na mwanamke wenye umri na mwenendo mwema, wanaojulikana na wazazi. Vijana wapewe siku yao na mahali pao. Na mambo ya mwili, na ya ugonjwa, na ya mtu mzima amdhuruye mtoto, yatajwe kwa majina yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna faragha, wala haumngojei mtoto akue.

Kila mtaa na ujiulize katika mwaka huu wa jubilei: bawabu wa mlango huu kwetu ni nani? Kama jina lake halipatikani, kazi ya kwanza baada ya sikukuu ni kumtafuta.